Eneo Husika

Nchi ya Stahamala haipo, na wananchi wake wameshazoea. Ina bendera, ina wimbo, ina mawaziri arobaini na wawili, na ina mwanamke mmoja aitwaye Pili Ngurumo, karani wa kumbukumbu katika Wizara ya Afya na Mambo Yanayofanana na Hayo. Huyo ndiye tutakayemfuata, kwa kuwa wengine wote wana misafara na sisi hatuna mafuta.

Pili alikuwa na miaka arobaini na mitatu, mgongo unaouma upande mmoja, na vidole vilivyojua kupiga chapa bila yeye kuvishughulikia. Kwa miaka kumi na tisa alikuwa ameandika kila kilichosemwa na wakubwa wa wizara, na kwa miaka hiyo hiyo hakuna mkubwa aliyemuuliza yeye anasemaje. Hakulalamika. Watu wa Stahamala hawalalamiki, maana anayelalamika huundiwa tume.

Asubuhi moja iliwekwa mezani kwake barua iliyokuwa imezunguka wizarani miezi kumi na minne. Ilikuwa na mihuri mingi kuliko maneno. Ilikuwa imeandikwa kwa mkono, wino wa buluu, na Nesi Mashavu wa Zahanati ya Kilima Kimoja, mahali ambapo hata ramani ya wizara ilikuwa imepaandika kwa penseli.

“Waheshimiwa,” ilisema barua, “kina mama wanaitwa kupimwa saratani ya mlango wa kizazi, hawaji, na wanaokuja wanakimbia. Si kwamba hawaiogopi saratani. Wanakiogopa chumba. Kitanda kimeelekea mlangoni, mlango haufungi, na nje ya mlango ndipo inapokaa foleni ya wenye kikohozi. Kile chombo cha chuma tunachotumia ni baridi kama kimetolewa kisimani. Mtu akikakamaa kwa baridi na aibu, kinamuuma. Akiumia harudi, na akifika nyumbani anawaambia wenzake kumi. Naomba vitu vitatu: pazia, komeo, na birika la kupashia maji. Mwezi uliopita nimezika wawili. Wote walikuwa kwenye orodha yangu.”

Pili aliisoma mara mbili, jambo ambalo halikuwa kazi yake. Kisha akaipiga chapa kwa ajili ya Waziri.

Waziri aliisoma mbele ya kamera. Alipofika kwenye neno “pazia” alitoa leso.

“Serikali yenu sikivu,” alisema, “haiwezi kumpa mwanamke wa Stahamala pazia. Pazia ni dharau! Mwanamke wa Stahamala anastahili tume.”

Ikaundwa Tume ya Starehe ya Mwanamke katika Upimaji, kwa kifupi TUSTAMU, yenye wajumbe kumi na mmoja, wote wanaume. Kulikuwa na hoja ya kumweka mwanamke hata mmoja, lakini mwanasheria wa wizara akafafanua kwamba mwanamke angekuwa na maslahi binafsi katika jambo lenyewe, na sheria ya maadili inakataza mgongano wa maslahi. Pili aliingizwa kwa sababu ya vidole vyake.

*

Mwenyekiti alikuwa Profesa Magoda, balozi mstaafu, aliyewahi kuiwakilisha Stahamala katika nchi mbili, na moja kati ya hizo hadi leo haina habari.

“Kabla hatujaanza,” alisema siku ya kikao cha kwanza, “mimi nimelelewa. Nina mabinti. Hilo neno lililomo kwenye barua ya yule nesi halitatamkwa mbele ya bendera. Tutasema ‘eneo husika’.”

Wajumbe wakapiga meza. Pili akaandika: eneo husika.

 Akainua mkono Brigedia Mstaafu Nzowa, mtu ambaye hakuwahi kwenda vitani lakini alikuwa amepanga vita kadhaa.

“Mheshimiwa Mwenyekiti, naomba mwongozo. Eneo husika liko wapi hasa? Mimi siwezi kuingia mahali bila ramani.”

Wajumbe walitazama dari. Mmoja, mhandisi wa mabwawa, alisema anavyokumbuka ni maeneo ya tumboni. Mwingine akasema la, ni chini zaidi, lakini akakataa kufafanua. Mwenyekiti, kwa busara zake, aliunda kamati ndogo. Kamati hiyo ilikutana mara nne na kuleta taarifa ya kurasa hamsini, ambayo hitimisho lake lilikuwa kwamba eneo husika lipo.

Pili alijua lilipo. Alikuwa amekaa nalo chumba kile kile, hatua tatu kutoka kwa Brigedia. Lakini Kanuni ya Tisa ya Vikao inasema kwamba karani ana masikio, hana sauti, na Pili aliiheshimu kanuni hiyo kwa kuwa ndiye aliyeipiga chapa.

Kama angekuwa na sauti angewaeleza habari za Mosi, dada yake.

Miaka sita kabla ya tume, Mosi alikwenda kupimwa katika hospitali ya wilaya. Alivua, akalala, akainua miguu kama alivyoambiwa. Mlango ukafunguliwa na mwanamume aliyekuwa anatafuta ndoo. Ukafungwa. Ukafunguliwa na wanafunzi sita wa udaktari waliokuja kujifunza, wakasimama wanajifunza. Kisha yule mwanamume akarudi kuuliza kama kuna aliyeiona ile ndoo. Mosi akaketi, akavaa, akasema atakuja siku nyingine aibu ikimtoka. Aibu haikumtoka. Baada ya miaka mitatu damu zilianza kuja pasipo siku zake, na alipokubali kwenda, hapakuwa tena na cha kupima. Pili ndiye aliyemfulia shuka miezi saba ya mwisho. Harufu ile aliijua hadi leo. Ilikuwa imemkaa katika mikono ile ile iliyokuwa ikiandika “eneo husika.”

Tangu mazishi, Pili alikuwa amefika mara mbili kwenye geti la kliniki ya mjini ili apimwe mwenyewe. Mara zote mbili alikumbuka ghafla kwamba ameacha chungu jikoni, akageuza. Mara zote mbili jiko lilikuwa halijawashwa.

*

Kazi ya tume ilikwenda kwa kasi ya Stahamala. Wajumbe walizuru nchi tatu za mbali kuona vitanda. Waliporudi walikuwa na rangi nzuri na mapendekezo themanini na manne. Hakuna pendekezo lililotaja mlango.

Ndipo kikatengenezwa Kitanda cha Taifa. Kilikuwa cha mahameli nyekundu, miguu yake imechongwa vichwa vya simba, na chini yake zulia. Ilibidi kijaribiwe, na kwa kuwa uongozi ni kuonyesha njia, Mwenyekiti alijitolea. Alipanda akiwa amevaa suti, tai na viatu, akalala chali dakika tano, tatu kati ya hizo akikoroma.

“Starehe ipo,” alitangaza alipoamshwa. “Kasoro niliyoiona ni moja. Dari ni tupu. Mtu anajihisi mpweke.”

Ikaamuliwa kwamba darini, juu ya kitanda, itundikwe picha ya Mheshimiwa Rais akitabasamu.

Siku ya uzinduzi katika Hospitali Kuu, chumba kilikuwa na Waziri, wajumbe wote, waandishi wa habari, wapiga tarumbeta watano na watu wa itifaki. Pili aliwahesabu kwa ajili ya kumbukumbu: thelathini. Wa thelathini na moja alikuwa Mama Sikitu, muuza maandazi wa getini, aliyeteuliwa kuwa Mwanamke wa Mfano kwa sababu alikuwa karibu. Alipandishwa kitandani na kanga zake. Akatazama juu. Rais akamtabasamia. Mama Sikitu akaketi.

Waziri alimsogezea kipaza sauti. “Mama, waambie wananchi. Unajisikiaje?”

“Baba, naomba mtoke.”

“Vizuri sana. Na zaidi ya hapo?”

“Zaidi ya hapo hakuna. Naomba mtoke.”

Wakapiga makofi. Tarumbeta zikalia. Mwenyekiti akamwinamia Pili na kumnong'oneza: “Andika, mama alifurahi hata akakosa maneno.”

Pili akaandika.

Mama Sikitu alishuka, akakaza kanga kiunoni, akapenya katikati ya watu kuelekea mlangoni. Alipofika mezani kwa Pili alisimama na kuangalia karatasi. Kumbe alijua kusoma. Hakugomba. Alimtazama Pili kwa uchovu tu, kama mtu anayemtazama ndugu yake amekaa upande wa wapinzani.

“Na wewe nawe ni mwanamke?” alimuuliza, akatoka.

Kanuni ya Tisa haikusema lolote kuhusu swali kama hilo. Pili aliinamisha kichwa akaendelea kuandika majina ya waliohudhuria, akakosea jina la Waziri, jambo lisilowahi kumtokea kwa miaka kumi na tisa.

*

Wiki chache baadaye wizara ilipata mshtuko. Takwimu kutoka Kilima Kimoja zilionyesha kwamba zahanati ile ilikuwa imepima wanawake mia tatu na kumi na wawili kwa miezi mitatu, idadi inayozidi ya mikoa miwili ikiunganishwa. Wizara ilidhani ni ugonjwa wa mlipuko. Ikatuma mkaguzi.

Mkaguzi alirudi na mambo ya kutisha. Nesi Mashavu alikuwa amekigeuza kitanda kikaelekea ukutani. Alikuwa ametundika shuka mbili za kwake kwenye waya. Mlango ulikuwa unafungwa kwa ndani na mpini wa kijiko uliokunjwa. Na kile chombo cha chuma alikuwa anakipasha kwenye maji ya uvuguvugu anayokuja nayo kutoka nyumbani ndani ya chupa ya chai.

“Starehe isiyo na kibali!” alisema Mwenyekiti kwa uchungu wa kweli. “Sisi tumehangaika huku mwaka na nusu kutafuta maana ya starehe, na huyu anaigawa tu, kwa chupa ya chai!”

“Ni uasi,” alisema Brigedia.

Ikaamuliwa Nesi Mashavu apelekewe barua ya kujieleza, ndani ya siku saba, kwa nini asiachishwe kazi. Mjumbe wa kuipeleka alikosekana. Mmoja alikuwa na presha, mwingine alikuwa na harusi, na barabara ya Kilima Kimoja ilikuwa na sifa mbaya. Wakamtazama Pili.

Gari la wizara lilimfikisha mwisho wa lami. Dereva akamwambia kwa upole kwamba gari la serikali haliruhusiwi kuchafuka, akageuza. Pili alitembea saa nzima na viatu vya ofisini, barua ikiwa ndani ya mkoba. Alifika amechoka, kisigino kimechubuka.

Nje ya zahanati palikuwa na benchi, na juu ya benchi wanawake saba wakimenya kunde na kubishana juu ya harusi ya mtu fulani. Hakuna aliyeonekana kama anasubiri jambo baya. Mmoja alisogea. Pili akakaa, akavua kiatu.

Mlango ukafunguliwa, akatoka mwanamke mwenye miaka kama hamsini na nane, gauni jeupe lililofuliwa mpaka likawa na rangi ya maziwa ya maji, na uso wa mtu aliyeamka mapema miaka mingi mfululizo.

“Dada, karibu,” alisema. “Wewe ni mgeni. Umekuja kupima?”

Pili alifungua mdomo aseme, “Nimetumwa na wizara.”

“Ndiyo, Sista,” akasema.

Alishtuka mwenyewe. Aligeuka kidogo kana kwamba aliyejibu amekaa nyuma yake.

*

Chumba kilikuwa kidogo. Shuka zilizotundikwa zilikuwa na maua yaliyopauka. Nesi Mashavu alichomeka kijiko chake mlangoni, akavuta kigoda, akaketi mbele ya Pili kabla Pili hajavua chochote.

“Kwanza tuzungumze,” alisema. “Umewahi kupima?”

“Hapana.”

“Uliwahi kujaribu?”

Pili alifikiria chungu chake. “Mara mbili. Niliishia getini.”

“Wengi wanaishia getini. Wewe leo umevuka.” Akatoa chombo kwenye maji, akakifuta, akamwekea Pili kiganjani. “Shika. Hiki ndicho watu wanachokiita mdomo wa bata. Sisi tunakiita spekulamu, lakini bata ni jina zuri zaidi. Kinafunguka hivi, basi. Kione.”

Kilikuwa cha moto kidogo, kama kikombe kilichomwagwa chai. Pili alikifungua na kukifunga. Kwa mwaka na nusu alikuwa ameandika kurasa mia nne kuhusu kitu hiki, na hii ilikuwa mara ya kwanza kukigusa.

“Nitakueleza kila ninalotaka kufanya kabla sijalifanya,” alisema Nesi Mashavu. “Ukiniambia simama, nasimama. Sikuulizi kwa nini. Na kama unapenda kukiingiza mwenyewe, wapo wanaopenda hivyo, mimi nitakuongoza kwa mdomo tu. Uamuzi ni wako.”

Pili hakuwa amezoea sentensi hiyo ya mwisho. Ilimchukua muda kuielewa.

“Nitaingiza mwenyewe,” alisema.

“Haya. Vua huku nyuma ya shuka, jifunike kanga hii. Weka hii nyingine iliyokunjwa chini ya kiuno. Sasa kiingize polepole huku ukikohoa kidogo, mwili ulegee. Kohoa tena. Hapo hapo. Umemaliza, mama, kazi yako imekwisha.”

Ilikuwa ajabu na haikuwa tamu, lakini haikuuma.

“Sasa napaka siki, ile ile ya kachumbari, ila nimeizimua. Utasikia ubaridi. Tunasubiri dakika moja. Kukiwa na mahali panapotaka kuharibika panageuka peupe.”

Wakasubiri. Nje, wanawake walikuwa bado kwenye harusi, sasa wamefika kwenye gauni la mama mkwe, na kicheko kilipita juu ya ukuta. Pili alikuwa amekaza macho mlangoni. Alikuwa anamngoja mtu wa ndoo. Alikuwa na hakika atakuja, kwa kuwa siku zote huja. Dakika ikaisha, na mtu wa ndoo hakuja. Hapo machozi yakaanza kumtoka Pili, yakaingia masikioni kwa sababu alikuwa amelala.

“Nimekuumiza?”

“Hapana, Sista. Nilikuwa nangoja mlango ufunguliwe.”

“Haufunguki. Nimeufunga.”

“Dada yangu…” alisema Pili, na ikamtoka yote, wanafunzi, ndoo, damu, shuka. Nesi Mashavu hakusema pole nyingi. Aliweka mkono wake juu ya goti la Pili, juu ya kanga, akauacha hapo mpaka maneno yakaisha.

“Sasa nisikilize,” alisema kisha. “Kuna doa jeupe. Dogo, kama ukucha wa kidole kidogo. Si saratani. Ni kitu ambacho ukikiacha miaka kinaweza kuwa saratani. Nina kifaa cha kukiunguza kwa joto, hakifiki dakika moja, tumbo litakubana kama siku za mwezi. Tunaweza kufanya sasa hivi, au uende ukafikirie na urudi.”

Pili alifikiria geti, na chungu, na barabara ya saa nzima.

“Sasa hivi,” alisema.

Tumbo lilibana kama alivyoambiwa, likaachia. Nesi Mashavu alimpa maelezo: maji maji yatatoka wiki kadhaa asiogope, asikutane na mume wiki sita, akiona homa au damu nyingi arudi mbio, na baada ya mwaka apimwe tena hata kama ni kliniki nyingine. Pili alivaa. Alikunywa kikombe cha chai kilichomiminwa kutoka chupa nyingine, na Nesi Mashavu akamhakikishia kwamba ni nyingine kweli.

Hapo ndipo Pili alipofungua mkoba na kutoa barua. Alitamani ardhi ipasuke.

“Nisamehe,” alisema. “Mimi ni karani wa tume. Nimetumwa nikuletee hii.”

Nesi Mashavu alisoma akiwa amesimama, midomo ikicheza. Alipomaliza aliikunja, akaketi kwenye kigoda chake taratibu kama mtu anayetua mzigo kichwani.

“Wanataka nijieleze kwa nini sikusubiri kibali.”

“Ndiyo, Sista.”

“Una kalamu? Niandikie, mimi macho yamechoka. Andika: nilichoka.”

Pili akangoja. “Halafu?”

“Basi. Niliwazika wengi nikachoka. Hilo la kuzika usiliandike, litawachanganya.” Alitia sahihi, akainuka, akatazama foleni kupitia ufa wa mlango. “Samahani dada, wako saba, na maji yanapoa.”

*

Msomaji wa Stahamala anajua kwamba nchini humo sheria haitungwi na bunge wala na mawaziri. Kinachotekelezwa ni kile kilichoandikwa kwenye kumbukumbu za kikao chini ya neno “Iliamuliwa,” kikatiwa sahihi na Mwenyekiti. Na kumbukumbu hizo hakuna anayezisoma. Mwenyekiti huuliza, “Zipite kama zilivyo?” na wajumbe hujibu, “Zipite,” huku wakitazama birika la chai. Adhabu ya karani anayeongeza neno ni miaka mitatu jela.

Pili aliyajua yote hayo. Wakati wa chakula cha mchana, ofisi ikiwa tupu, aliketi kuandika kumbukumbu za kikao cha thelathini na moja. Kikao chenyewe kilikuwa kimejadili rangi ya zulia kwa saa nne. Aliandika zulia. Kisha mikono ikasimama. Kwa mara ya kwanza ilibidi aiamrishe.

Aliandika: *Iliamuliwa kwamba kila chumba cha kupimia saratani ya mlango wa kizazi kiwe na pazia na komeo la ndani. Kitanda kielekee ukutani. Chombo kipashwe moto kwanza. Asiingie mtu asiyeruhusiwa na mama anayepimwa. Mama aelezwe kila hatua kabla haijafanyika, na akisema simama, muuguzi asimame. Akitaka kujiingizia chombo mwenyewe, aruhusiwe. Nesi wa Kilima Kimoja afundishe wengine, na shauri lake lifungwe.*

Neno lililokatazwa aliliandika kamili. Eneo husika lilikuwa limemchosha.

Siku ya kikao cha thelathini na mbili, Pili alimgawia kila mjumbe nakala yake. Mwenyekiti aliuliza, “Zipite kama zilivyo?”

“Zipite,” walijibu tisa.

Brigedia Nzowa hakujibu. Birika la chai lilikuwa limechelewa, na kwa kukosa la kufanya alikuwa amefungua karatasi. Alikuwa anasoma kwa kidole, polepole, na kidole kilikuwa kinateremka.

“Mheshimiwa Mwenyekiti,” alisema, “hili la komeo. Tulilijadili lini?”

 Pili aliweka mikono mapajani ili isionekane. Alifikiria nani atamwagilia mchicha wake kwa miaka mitatu.

Mwenyekiti alivaa miwani, akasoma. Uso wake ulipita rangi kadhaa. Hakukumbuka neno hata moja katika yale, kwa sababu halikuwahi kusemwa. Lakini Profesa Magoda alikuwa na miaka sabini na minne, na kwa miaka ya karibuni kulikuwa na minong'ono wizarani kuhusu usahaulifu wake, na aliisikia. Alivua miwani.

“Brigedia,” alisema kwa ukali, “siku ile ulisinzia.”

Na ni kweli alikuwa amesinzia. Alikuwa anasinzia kila kikao.

“Nilifumba macho kutafakari,” alisema Brigedia, akiona aibu.

“Mimi nalikumbuka vizuri,” alidakia mhandisi wa mabwawa. “Hili la kupasha chombo nililisema mimi. Mambo ya joto ni taaluma yangu.”

“Na pazia nililitaja mimi,” alisema mwingine, “ingawa mwanzoni mlinibeza.”

Kufikia wakati chai inaingia, wajumbe watano walikuwa wanagombea kitanda kuelekea ukutani, na Brigedia, asiachwe nyuma, alikuwa amekumbuka kwamba yeye ndiye aliyesema mama akiamuru simama, watu wasimame, kwa kuwa hiyo ni amri ya kijeshi. Mwenyekiti alitia sahihi. Pili akachukua karatasi, akaenda chooni, akafunga mlango, akaitazama ile sahihi.

*

Waraka ulitoka. Katika Stahamala waraka ukitoka huwa na safari yake. Baadhi ya wilaya zilitundika mapazia nje ya jengo, upande wa barabarani, yaonekane na wakaguzi. Hospitali moja ilifunga komeo kwa nje, mama akafungiwa humo tangu asubuhi hadi adhuhuri, mpaka nesi aliporudi na ufunguo. Nyingine iliandika kwamba haiwezi kupasha chombo kwa sababu haina chombo. Lakini zahanati kama themanini hivi, kati ya mia sita, zilifanya kama ilivyoandikwa, maana zilikuwa na mtu kama Nesi Mashavu aliyekuwa akingoja kuruhusiwa. Wajumbe wa tume walipewa nishani. Kitanda cha Taifa kilihamishiwa ofisini kwa Waziri, ambako kinatumika hadi leo kwa tafakuri.

Mwaka ulipotimia Pili alikwenda kupima tena, kliniki ya mjini. Hakuwaza chungu. Alikuta benchi na foleni, akaketi na mkoba wake magotini.

Akaja bibi mmoja, mnene wa heshima, miwani ya jua, dereva wake akibaki getini. Alitafuta pa kukaa. Pili alimtambua kwa picha ya familia iliyokuwa mezani kwa Profesa Magoda. Bibi yeye hakumtambua Pili, na angemtambulia wapi.

“Karibu, mama,” alisema Pili, akasogea.

“Ahsante, mwanangu.” Bibi alikaa, akahema. “Unajua mimi ni mara yangu ya kwanza? Miaka yote hii nilikuwa naogopa. Juzi mdogo wangu akaniambia nenda, siku hizi wanafunga mlango, wanakupashia moto, wanakuuliza. Nikasema kweli? Akasema kweli.”

“Ni kweli, mama.”

“Basi nilipomwambia mume wangu, unajua alisemaje?” Bibi aliondoa miwani. Macho yake yalikuwa na woga na fahari, vyote kwa pamoja. “Akasema ni yeye aliyeyafikiria yote hayo. Peke yake. Anasema yalimjia tu, akiwa bafuni. Sikuamini! Mtu nimekaa naye miaka arobaini na mbili, hajawahi kubisha hodi chumbani.”

Pili alimtazama. Alikuwa na maneno mengi, na safari hii hapakuwa na kanuni ya kumzuia. Lakini mgongo ulikuwa unamuuma upande ule ule, na bibi alikuwa anaufungua na kuufunga mkoba wake wa ngozi.

“Atakuambia ukohoe,” alimwambia. “Wewe kohoa tu. Na ukitaka asimame, sema.”

“Atasimama?”

“Atasimama.”

Mlango ukafunguliwa kwa ndani, nesi akachungulia. “Nani anafuata?”

Aliyefuata alikuwa Pili. Alimtazama bibi, ambaye tayari alikuwa amegeuza macho kuelekea getini, kwa dereva.

“Mama huyu,” alisema Pili. “Mimi sina haraka.”